Mume Wangu Alinifundisha Kushindwa

Nilisimama mlangoni na beseni la nguo mbichi kiunoni, nikamwona mume wangu akinifuta.

Ndiyo. Akinifuta!

Alikuwa amekaa sebuleni, kontrola mkononi, mbele ya skrini. Mtu wangu wa kwenye gemu, yule mwanamke wa upanga niliyemlea miezi kumi na moja, alikuwa amesimama pale katikati. Gemu likamuuliza kama ana uhakika.

Akabonyeza ndiyo.

Likamuuliza tena.

Akabonyeza tena!

Fyuu... hakuna mtu. Skrini tupu.

Hakunisikia. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikakohoa, nikaingia upya kama ndiyo kwanza nafika.

"Mke wangu, pole sana," akasema bila kugeuka. "Umeme umeruka. Faili lako limeharibika."

Umeme umeruka! Na feni juu ya kichwa chake inazunguka tu!

"Lote?"

"Lote. Sijui hata nikwambie nini."

Akainuka akanikumbatia. Jamani, akanikumbatia! Na mimi nikabaki mikononi mwake, maji ya nguo yakituchuruzikia miguuni.

Najua kuna watakaosema, dada, mtu mzima unalilia gemu? Subirini. Nami nilidhani ni gemu tu.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nakaa kwenye maabara, nachonga nta, namimina plasta, namtengenezea mtu meno ambayo akicheka hujui kama si yake. Kazi ya mikono na utulivu.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Ana kovu dogo kidevuni na kicheko cha kuambukiza. Alipokuwa akinichumbia alinieleza kwamba aliwahi kuwa na mke. "Aliamka siku moja akaondoka. Bila sababu."

Nilimwonea huruma. Nikajiapiza kuwa mimi sitamwacha.

Gemu tulikuwa tunacheza pamoja, kila mtu na mtu wake. Gemu la mapanga na majitu, gumu kufa mtu! Ukiuawa, pointi zote ulizochuma zinabaki pale ulipoangukia. Ukifa tena kabla hujazifikia, kwaheri.

Shujaa wake yeye alikuwa mbali, amevaa deraya la dhahabu, lile vazi la chuma la vita. Rafiki zake walimwita Kepteni. Kwa hiyo alikuwa mwalimu wangu.

"Pointi zako zote weka kwenye Bahati," aliniambia mwanzoni kabisa.

"Na Uhai? Mbona wangu kiduchu kama wa sisimizi?"

"Uhai ni kwa waoga. Bahati inakuletea vitu adimu."

"Nivae nini?"

"Deraya zito kuliko yote. Likulinde."

"Upanga niuboreshe kwa haya mawe?"

"Usiyamalize. Utapata upanga wa maana huko mbele."

Nikatii kila neno. Kwa nini nisitii? Ni mume wangu!

Matokeo yake nilikuwa nakufa kama kuku. Pigo moja, chali. Pigo la pili, kaburini.

Yakinizidi, anachukua kontrola. "Lete nikuvushe. Una mikono ya presha, mke wangu. Si kosa lako, ndivyo ulivyoumbwa."

Alinivusha kwenye maadui wadogo wadogo. Lakini tulipofika kwenye lango la Jitu la Kengele, akakataa.

"Hilo pambana nalo mwenyewe. Ndiyo utajifunza."

Lile Jitu lina kengele kubwa ya chuma kwenye mnyororo. Linaizungusha, linakuponda. Nilikufa pale langoni... nilihesabu hadi mia na ishirini, nikaacha.

Miezi mitano langoni, jamani. Kila siku nikitoka kazini, langoni.

"Mikono yako hiyo," ananiambia huku akicheka, akinibusu kwenye paji la uso.

Sasa sikieni, hapa ndipo kisa kilipo.

Kazini kwetu ikatokea nafasi ya kuongoza kitengo cha kaure, yale meno ya kisasa yanayong'aa kama ya kweli. Meneja wetu, mama mmoja mkali asiyesifu mtu ovyo, akaniita.

"Kuna mtihani wa vitendo. Unachonga jino moja la mbele, kwa saa mbili, mbele ya watu. Nataka ujaribu wewe."

Nilirudi nyumbani naruka!

Mume wangu akaweka kijiko chini taratibu.

"Mbele ya watu? Saa mbili? Mke wangu... wewe na presha? Nakuona kila siku pale langoni. Utajiaibisha."

Nikatazama mikono yangu. Nikaiona inatetemeka. Naapa, niliiona!

Nikakataa. Meneja akaniuliza mara ya pili, nikakataa. Mara ya tatu hakunitazama hata usoni, alikuwa anapanga faili. Nafasi akapewa mwenzangu tuliyeanza naye kazi.

Siku hiyo nilijifungia chumba cha plasta, nikalia.

Labda ni hasira, labda ni aibu, sijui. Nikajiunga kimyakimya na kundi la wachezaji mtandaoni. Nikaweka picha ya mtu wangu, pointi zake na vifaa vyake vyote, nikaandika: Nisaidieni, Jitu la Kengele limenishinda.

Watu wakanicheka. Mmoja akaandika, "Dada, huyo ni mpiganaji au mcheza bahati nasibu?"

Lakini mmoja hakucheka. Alijiita Ngao Mbili. Akanitumia ujumbe pembeni.

"Nani kakwambia ujaze Bahati arobaini na Uhai tisa?"

"Mume wangu. Yeye anajua sana."

Nikaona anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Sawa," akaandika hatimaye. "Mtafute yule mchawi wa kisimani. Atakurudishia pointi zako zote uzipange upya. Uhai upeleke thelathini kabla ya kitu kingine. Ukishakufa, bahati utaitumia wapi?"

"Na deraya?"

"Vua! Ukibeba kupita nusu ya uwezo wako, unabiringika kama gunia la mchanga. Vaa jepesi. Na hayo mawe uliyoyafungia kama mahari, mpelekee mhunzi leo leo. Upanga huohuo ulio nao utauma mara tatu zaidi."

"Lakini Jitu lenyewe..."

"Unakwepaje?"

"Narudi nyuma."

"Ndiyo maana. Mnyororo ni mrefu, ukirudi nyuma ndiko kengele iliko. Biringika kulifuata, kushoto kwake, pita chini ya kwapa. Piga mbili, toka. Tamaa ya pigo la tatu ndiyo itakayokuua."

Nikaandika kile kilichokuwa kinanisumbua.

"Mikono yangu inatetemeka."

"Ya kila mtu inatetemeka. Fanya hivi: ingia mara tatu bila kupiga hata pigo moja. Usitake kushinda. Kwepa tu, ulijue."

Jumamosi mume wangu aliitwa kwenye jengo moja, lifti imekwama na watu ndani. Nikabaki peke yangu.

Nikaingia mara tatu, nikakwepa tu. Nikaanza kuliona Jitu, maana kumbe miezi yote ile nilikuwa nalitazama kwa woga, sijawahi kuliona! Kabla ya kuponda linainua bega. Kabla ya kuzungusha, linaburuta mguu.

Mara ya saba nikaingia kwa nia.

Mbili, nikatoka. Mbili, nikatoka. Likanipiga, nikabaki mzima! Mbili... nikatoka...

Likaanguka.

Nilipiga ukelele jirani akagonga ukuta! Kisha nikatazama mikono yangu.

Ilikuwa imetulia tuli.

Mtu wa kwanza kumfikiria ni yeye. Mume wangu! Nilikaa nikimsubiri kama mtoto mwenye ripoti nzuri. Alipofungua mlango tu nikamrukia.

"Nimeliangusha! Nimeliangusha Jitu!"

Akasimama na begi la vifaa begani.

"Peke yako?"

"Peke yangu!"

"Nani kakufundisha?"

Ndugu zangu... nilingoja neno hongera. Ningelipata hata kwa kunung'unika ningeridhika. Alikwenda kunawa mikono, akakaa bafuni muda mrefu, akatoka akala, akaenda kulala.

Kesho yake Jumapili, ndiyo ile ya beseni la nguo.

Jioni ile nilimwandikia Ngao Mbili kila kitu. Akaniomba namba, akapiga. Sauti ya mwanamke, nzito, ya upole.

"Dada, naomba nikuulize. Mumeo ni fundi wa lifti?"

Nikaibana simu sikioni.

"Ana kovu kidevuni?"

"Umejuaje?"

Akavuta pumzi.

"Mimi ndiye mke aliyeondoka bila sababu."

Nikakaa chini sakafuni.

"Bahati arobaini, deraya zito, usiboreshe upanga," akasema taratibu. "Nilipoiona ile picha yako nilijua. Hakuna mtu duniani anayetoa ushauri ule kwa kukosea. Na mimi nilikaa lango lilelile."

"Kwako... alikuzuia nini?"

"Leseni ya lori. Aliniambia sina macho ya barabara. Leo naendesha lori la zege, dada. Pipa linazunguka mgongoni na mimi naimba."

Nikacheka huku nalia.

"Na kuna jingine. Lile deraya la dhahabu la Kepteni? Linatolewa na Jitu likianguka, na Jitu lilimshinda miezi minne. Nililiangusha mimi, kwa akaunti yake, nikidhani namfurahisha. Alininunia wiki mbili."

"Kwa nini hukuniambia mwanzo?"

"Ungeniamini? Mgeni wa mtandaoni dhidi ya mumeo? Nikaona bora nikufundishe kupigana. Nisamehe."

Nilimkuta mume wangu jikoni, anamenya viazi. Alikuwa anapenda kunisaidia, hilo sitamnyima.

"Nilikuona ukifuta," nikasema.

Kisu kikasimama.

"Mke wangu..."

"Usiniambie umeme."

Akaweka kisu. Akakaa kwenye kindoo kilichogeuzwa, mtu mzima, akaanza kulia.

"Ungeondoka," akasema. "Mtu akishajua kila kitu, mimi wa nini tena?"

"Na mtihani wa kaure?"

Akaokota kiazi, akakiweka tena.

"Na mtihani?!"

"Ungekutana na watu wakubwa. Ungeniona mdogo."

"Nilikuwa nakusubiri wewe mlangoni!" nikapaza sauti. "Nimeliangusha lile Jitu, dunia nzima nikataka kumwonyesha mtu mmoja tu! Wewe!"

Akajifunika uso na mikono yenye maganda ya viazi.

Niseme ukweli? Nilitaka kumkumbatia. Nilikuwa nampenda. Hata sasa ninavyoandika sijui kama nimemaliza kumpenda. Lakini nilipanga nguo zangu, nikaenda kwa dada yangu.

Jumatatu nilikwenda kwa meneja.

"Ile nafasi..."

"Imeshajazwa, binti. Na aliyepata anafanya vizuri. Nilikuuliza mara tatu. Kwa nini ulikataa?"

"Niliambiwa mikono yangu inatetemeka."

Yule mama mkali akavua miwani. Akachukua mkono wangu, akaugeuza geuza kama anayekagua kazi.

"Mkono huu? Nani alikwambia?"

Nilishindwa kumtaja. Kumtaja ingekuwa kumwaibisha, na bado nilikuwa nikimsitiri kama mke.

Hakunipa nafasi nyingine. Haipo. Ndivyo maisha yalivyo, si kila kitu kina mchawi wa kisimani wa kukurudishia. Naendelea na nta na plasta yangu.

Wiki iliyopita mume wangu alinipigia. Nilidhani ataniomba nirudi. Aliniomba, ndiyo, kwa maneno machache. Nikamwambia hapana, kwa maneno machache vilevile.

Nikasikia akivuta kiti. Halafu kwa sauti ndogo...

"Nimeanza upya gemu. Mtu mpya. Niko langoni. Ulilipitaje lile Jitu?"

Jamani.

Ningeweza kumwambia lolote. Ningeweza kumwambia ajaze Bahati!

Nikamweleza yote. Bega linavyoinuka, mguu unavyoburutwa, upande wa kubiringikia, nini avae, pointi aweke wapi. Nilieleza polepole ili aandike. Nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Asante," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kunieleza hivi."

"Hukuwahi kumuuliza mtu."

Nikakata simu. Nikalia mpaka dada yangu akaja kukaa pembeni yangu bila kuuliza chochote.

Nyinyi mnaosoma, wa kwenye gemu na wa kwenye maisha, nawaomba kitu kimoja. Anayewapa ushauri, msimpime kwa anavyowabembeleza mkianguka. Kunibembeleza alijua sana, tena kwa busu! Mtazameni uso siku mkishinda. Mimi nilisubiri miezi kumi na moja kuuona uso huo, na nilipouona... ulikuwa wa mtu aliyefiwa.