Kumbukumbu ya Nani?

Fundi anayenipa mgongo akiwa na kitu changu mkononi, simwamini. Ndiyo maana jioni ile, jua likizama, nilisimama mbele ya meza yake nimemshika binti yangu mkono, macho yangu kwenye laptopu.

Niliinunua mwaka aliozaliwa binti huyo. Miaka saba nimechapia watu kazi zao juu yake, mtoto mapajani, mkono mmoja unabembeleza na mwingine unabonyeza. Sasa ilikuwa imezeeka. Ukifungua ukurasa mmoja, unaweza kwenda kuoga na kurudi ukaukuta bado unajikongoja. Jirani yangu, mama aliyefiwa na mwanawe wa pekee mwaka jana, ndiye aliyenielekeza kwa fundi huyu. Alisema nisinunue nyingine, niongeze kumbukumbu tu. Ni kijiti kidogo, kinachomekwa ndani na kazi imekwisha.

Fundi alifungua skrubu moja moja, akaziweka kwenye kisosi. Alipoinua kifuniko cha chini nikasikia harufu... si ya vumbi, si ya waya ulioungua. Ilikuwa harufu ya mafuta ya mtoto mchanga.

Akachomoa kijiti changu cha zamani, akakipulizia. Kisha akanong'ona bila kuinua uso.

"Unataka kumbukumbu ya nani, dada?"

Nikadhani anauliza ya kampuni gani. "Ya yeyote, fundi, mradi iwe nyingi."

"Na hii yako?"

"Baki nayo. Itanisaidia nini?"

Mikono yake ikatulia. "Umesema mwenyewe."

Pembeni palikuwa na laptopu nyingine, tumbo wazi. Akachomoa kijiti humo, akakichomeka kwenye yangu. Cha kwangu akakichomeka kwenye ile nyingine.

"Hicho si kipya," nikamwambia.

"Hakuna kumbukumbu mpya, dada."

Nilitaka kubishana, lakini mashine iliwaka kufumba na kufumbua. Nikaichukua, nikaenda zangu. Mdomo huponza kichwa.

Kesho yake jioni nilikuwa nachapa huku naimba taratibu. Binti yangu akaacha kuchora.

"Mama, huo wimbo gani?"

Sikuujua. Ulikuwa wimbo wa kubembelezea mtoto, na maneno yote nilikuwa nayo, lakini huo sikuwahi kuimbiwa wala kumwimbia mtu.

"Kaoge," nikasema, nikamwita kwa jina.

Hakuinuka.

"Mama... huyo ni nani?"

Nilikuwa nimetaja jina la kiume. Nikajaribu kutaja lake. Mdomo ukabaki wazi. Jina la mtoto niliyemzaa mwenyewe, jina nililolichagua mwenyewe...

Halikuwepo.

Nikaitafuta siku niliyomzaa. Nikaona mvulana mwenye alama nyeusi shingoni. Nikaona kitanda, nikaona pazia la kijani. Niliogopa, sioni haya kusema.

Kisha nikalikumbuka lile pazia. Naliona kila siku nikitoka kuanika nguo. Liko dirishani kwa jirani.

Nikamshika mtoto mkono, tukavuka ua mbiombio. Kichwani nilikuwa na maneno ya kumtolea yule mwanamke, na hayakuwa ya adabu. Mlango wake ulikuwa umeegeshwa. Kabla sijabisha nikasikia sauti ndani, inaimba. Ulikuwa wimbo wangu, ule niliotunga mwenyewe usiku binti yangu alipoota jino la kwanza. Hakuna mwingine aliyeujua.

Nikausukuma mlango.

Jirani alikuwa amekaa kitandani, laptopu mapajani, mkono mmoja unabonyeza. Mwingine ulikuwa unapapasa hewa, taratibu, pale ambapo kichwa cha mtoto kingekuwa. Tangu msiba sikuwahi kumwona akitabasamu. Sasa uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha.

"Nirudishie," nikanong'ona.

Alimtazama binti yangu, akamwita kwa jina.

Ndilo! Ndilo lile jina! Nililisikia, na kabla sijalishika likanitoka tena. Nilichobaki nacho kifuani kilikuwa kilio, kizito, cha mvulana ambaye sikumzaa. Nikajikuta namlilia pale mlangoni, kwa sauti, kama mama aliyefiwa.

Vidole vidogo vikajichomoa mkononi mwangu.

"Abee, mama," binti yangu akaitika.

Hakuwa ananitazama mimi.