Neno Lililofungua Simu ya Luka

Ti... ti... ti...

Usiku wa manane Lydia alisikia simu ikilia ndani ya sanduku la nguo, na simu hiyo haijaonja chaji huu mwaka wa tatu, tangu usiku ule alipofariki binti yake Angelina. Mumewe, Luka, akageukia ukutani.

"Lala," alinong'ona. "Panya hao."

Panya!

Picha zote za Angelina, alivyojua Lydia, zilikuwa humo. Luka aliapa kwamba aliifunga kwa pasiwedi, majonzi yakamsahaulisha. Basi kesho yake, jua likizama, Lydia akaaga kwamba anafuata chumvi dukani, akambeba mtoto wao mdogo mgongoni, akavuka reli na simu ile mpaka kibandani kwa Masudi, fundi simu.

"Hapa hatubahatishi, dada," Masudi alisema, akiiunganisha na kompyuta. "Nipe maneno ya kwenu ya wakati ule. Majina, vijiji. Mashine itaangalia herufi gani hupenda kufuatana, itunge maneno mapya ya sura hiyo hiyo, iyajaribu moja moja. Mtu hata akificha neno, hatoki mbali na ulimi wake."

Lydia akataja: Luka, Lydia, Angelina, Zuzu wanakoishi, Mvumi kwa mama yake. La mdogo hakulitaja. Simu ilifungwa kabla hata mimba yake haijaingia, angehusikaje?

Maneno yakaanza kupita. Masudi akawa anayasoma.

"Zulina. Lukavu. Angevumi... hii si dawa ya mafua?"

Lydia akacheka.

"Lydange. Mvuzuli. Mvulezu..."

Mgongoni, mtoto aliyekuwa amelala fofofo akainua kichwa.

Simu ikafunguka.

"Mvulezu," Masudi akarudia. "Ndiyo nini?"

Lydia akageuza shingo. Mvulezu ni mtoto wake, huyu huyu mgongoni, jina ambalo Luka alisema kaoteshwa alfajiri ya kuzaliwa kwake, jina lisilojulikana na kabila lolote, si Wagogo si Warangi, na kumbe lilikuwa limekaa ndani ya simu muda wote huo, linamsubiri wa kulivaa!

Picha hata moja haikuwemo. Ilikuwemo sauti tu, iliyorekodiwa usiku ule wa msiba. Masudi akaibonyeza.

Kwanza upepo. Halafu harufu... harufu ya makaa yaliyomwagiwa maji, ikajaa kibandani, na humo hamkuwa na jiko.

"Huyu mchukueni," ilisema sauti ya Luka. "Wa pili nitampa jina hilo mlilonipa. Akiacha ziwa, mje."

"Lydia asijue," ikajibu sauti ya mwanamke mzee. Ikakohoa.

Kikohozi hicho Lydia amekua akikisikia kutoka chumba cha pili.

Mama yake.

Ndiyo maana mwezi mzima mama hakuisha kupiga simu, "Mwachishe, mwanangu, unakonda," na Luka ndiye aliyemletea shubiri ya kupaka kwenye titi, kwa mkono wake, huku anatabasamu! Na yeye alipaka. Jana asubuhi. Na usiku wake simu ikalia!

Akamshusha mtoto, akafungua blauzi palepale, haya hana.

"Nyonya, baba. Nyonya, nakuomba..."

Mtoto akageuza uso.

Simu yake mwenyewe ikaanza kuita. *Mama*. Akaizima.

"Kaka Masudi, napanda gari la Kondoa sasa hivi. Kijijini Busi nina rafiki, huko hawanijui. Akija Luka... akija mama..."

"Sijakuona." Masudi alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, macho hayamtoki mtoto. "Wallahi, dada, simwambii mtu."

"Hata mimi," alisema Mvulezu, taratibu, yeye ambaye hajawahi kutamka hata "mama".