Sauti Aliyoinyoosha

Lifti ya jengo lile ilikwama mchana kweupe, katikati ya ghorofa mbili, imesheheni watu kama sanduku la msafiri mwenye wasiwasi. Mhariri wa sauti alikuwa amebanwa kwenye kona, na gauni lake la kijani alilolipiga pasi asubuhi lilishakunjamana kwa mabega ya wenzake. Mzee mmoja alianza kuhema. Mwanamke mwenye manukato makali alikuwa akibonyeza kitufe cha kengele kama anayegombana nacho. Ndipo sauti ya mwanaume ikatokea juu yao, gizani.

“Jamani, tulieni. Mimi ndiye fundi. Nakuja kuwafungulia, na kwa kuwa mikono yangu haina haraka, nitawaimbia.”

Watu wakacheka bila kutaka. Kisha akaimba. Sauti ilishuka kwenye shimo refu la zege, ikagonga kuta, ikawafikia imejaa na imelainika, kana kwamba jengo zima lilikuwa likiimba naye. Mzee akaacha kuhema. Mwanamke wa manukato akaiachia kengele. Na mhariri wa sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kushinda kwenye chumba kidogo akisafisha matangazo ya biashara na kukata vikohozi vya watangazaji, alihisi vinyweleo vya mikono vikimsimama.

Milango ilipofunguka wengine walitoka mbio. Yeye akabaki. Mbele yake alisimama kijana mrefu, ovaroli ya buluu, grisi shavuni, pengo dogo kwenye meno ya mbele.

“Ni wewe uliyekuwa unaimba?”

“Ni mimi. Kama nimekukera, nisamehe, sikuwa na redio.”

“Umesomea kuimba?”

“Nimesomea lifti, dada yangu. Kuimba najiokotea tu. Lakini nyumbani najirekodi.” Akamtazama kwa makini. “Na wewe unayehoji hivi, ni polisi?”

“Ni mhariri wa sauti. Nasikiliza watu kwa ajili ya kula.”

Fundi akajifuta mkono kwenye ovaroli, akatoa simu. “Basi Mungu amekukwamisha makusudi. Nikutumie ninavyorekodi, uniambie ukweli. Kila mtu ananiambia ‘safi, safi’. Nataka mtu mmoja tu asiyenidanganya.”

“Ukweli mtupu?”

“Mtupu. Usiutie hata chumvi.”

Kesho yake mhariri alivaa hedifoni zake kubwa za kazini, akafungua wimbo aliotumiwa. Fundi alikuwa ameurekodi kwa simu ndani ya kabati la nguo, godoro limeegemezwa mlangoni kuzuia kelele za majirani. Mhariri alisikiliza mara ya kwanza, akadhani kuna hitilafu. Akasikiliza tena. Hapakuwa na hitilafu. Bila lile shimo la zege, sauti ilikuwa kavu na nyembamba, inateleza nje ya ufunguo wa muziki kila ilipopanda, na kila ubeti ulianza chini kidogo ya ule uliotangulia, kama mtu anayezama polepole bila kujua.

Akaandika: “Huna sikio la muziki.” Akafuta. Akaandika: “Sijui nikwambieje.” Akafuta. Akakumbuka lile pengo na lile shavu lenye grisi. Mwishowe akatuma: “Ina roho. Usiache.”

Simu ikaita papo hapo.

“Ina roho?” Fundi alikuwa akihema kana kwamba amepanda ngazi. “Umesema ina roho?”

“Nimesema. Ila sogea mbali na simu unapoimba. Mate yako yanasikika.”

“Hayo mate yana heshima zake, Bi Masikio.”

“Nani Bi Masikio?”

“Wewe. Nimekubatiza.”

Mapenzi yakaanzia hapo. Jioni walikuwa wakikutana kwenye kibanda cha chai karibu na kituo cha basi, yeye na vigauni vyake vya rangi kali, Fundi na shati alilobadilisha chooni kazini, mikono bado ikinuka grisi. Fundi alikuwa mcheshi, mpole kwa kila mtu, na alimsikiliza mhariri kwa namna ambayo yeye, aliyezoea kusikiliza wengine, hakuwahi kusikilizwa. Mazungumzo yao yote yaliishia kwenye rekodi.

“Masikio wangu, ya jana umeisikia?”

“Nimeisikia, mpenzi.”

“Pale juu nilifika?”

“Ulifika.”

“Kweli?”

“Kweli, bwana. Kunywa chai.”

Hakuwa amefika. Wala hangefika kamwe. Mhariri alijaribu njia za kuzungukazunguka: shusha ufunguo, pumua kwanza, rudia ubeti wa pili. Fundi alitii yote kwa bidii ya mwanafunzi, akarudi na kitu kile kile. Basi siku moja, kwa huruma tu, mhariri aliuingiza wimbo kwenye kompyuta ya kazini akaanza kuunyoosha. Noti iliyoteleza akaipandisha. Iliyochelewa akaisogeza. Akauongezea mwangwi kama wa shimo la lifti. Alipomaliza, machozi yalimtoka, kwa maana huyu sasa ndiye aliyemsikia siku ile ya kwanza.

“Nimeusafisha kidogo,” alimwambia akimtumia.

Fundi aliusikiliza mpaka mwisho, akapiga simu. “Kumbe naimba hivi,” akasema.

Hapo ndipo mhariri angemwambia ukweli. Nafasi ilikuwa wazi. Akasema, “Unaimba hivyo.”

Wimbo ule ukazunguka. Mama yake Fundi aliusikiliza jikoni akalia. Mafundi wenzake waliupiga kazini. Mmoja wao akaupeleka kwa kiongozi wa bendi iliyopiga muziki kwenye hoteli moja, na bendi ilikuwa ikitafuta mwimbaji. Fundi akaitwa.

“Usiende,” mhariri alimwambia alipopata habari.

“Kwa nini?”

“Bado. Jipe mwaka.”

“Masikio, wewe ndiye uliyesema ina roho.” Akamshika mashavu kwa mikono miwili. “Najua unaogopa nitachukuliwa na mashabiki. Sikuachi. Nitakwenda na wewe, utakaa mbele nikuone.”

Siku ya majaribio, Fundi alivaa shati jeupe alilochaguliwa na mhariri na suruali nyeusi iliyopigwa pasi hadi ikasimama. Mama yake alikaa kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani, pochi magotini. Kiongozi wa bendi, bwana mwembamba aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, akatoa ishara. Magitaa yakaanza.

Fundi akaimba kwa moyo wake wote. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Ubeti wa kwanza haujaisha, mpiga kinanda alishaanza kumtafuta kwenye ufunguo aliopotelea, na mpiga ngoma alikuwa anatazama viatu vyake.

“Simamisheni,” kiongozi akasema. “Kaka, usinichukulie vibaya. Yule wa kwenye rekodi yuko wapi?”

“Ni mimi.”

“Sisi hatupendi mtu anayetuletea sauti ya mwenzake.”

Mama akainuka. “Ni mwanangu huyo! Nimemsikia mwenyewe kwenye simu!”

“Mama, kaa,” Fundi akasema taratibu. Kisha akamgeukia mhariri, bado anatabasamu. “Mwambie. Si wewe uliyeisafisha? Mwambie ni sauti yangu.”

Mhariri alisimama. “Ni sauti yake,” akasema. “Ila niliinyoosha.”

“Kiasi gani?” Kiongozi aliuliza kwa upole, kama fundi anayemuuliza fundi mwenzake.

“Yote.”

Tabasamu la Fundi lilibaki usoni kitambo kidogo, limesahauliwa, kisha likaondoka. Akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Fundi alipokubali hatimaye kupokea simu ya mhariri, hakupiga kelele.

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu wa kwanza.”

“Na ukaniacha niendelee.”

“Niliogopa ungeacha kunitumia. Ungeacha kunipigia.”

“Nilikuomba kitu kimoja. Huko kazini kwenu mlikuwa mnakaa mnanicheka?”

“Hapana! Hakuna aliyewahi kukusikia. Naapa.”

“Unaapa,” Fundi akasema, akakata.

Miezi ikapita. Mhariri alituma ujumbe, haukujibiwa. Alikonda hadi dada yake mkubwa, aliyekuwa mshonaji na asiyependa maneno ya kuzunguka, akaacha cherehani akaenda mwenyewe kumtafuta Fundi kazini.

“Mdogo wangu ni mwongo,” alimwambia bila salamu ndefu. “Alikudanganya kwa sababu alikupenda. Lakini hakukucheka. Nilimwomba nisikilize nyimbo zako zile za kabatini, mimi dada yake wa damu, akaninyima. Alisema si zangu.”

Fundi alimwamini dada. Jumapili iliyofuata alisimama mlangoni kwa mhariri, shati limelowa mvua.

“Nimekuja,” akasema.

“Umenisamehe?”

“Nimekusamehe zamani. Kuja ndiko kulikonishinda.”

Walikumbatiana pale pale kwenye korido, maji yakidondoka sakafuni, dada mle ndani akijifanya anatafuta sindano. Walirudi kwenye kibanda cha chai. Walitaniana. Fundi alimpeleka kwa mama yake, na mama, baada ya kununa alivyostahili kununa, akampakulia chakula. Kwa macho ya watu ugomvi ulikuwa umekwisha.

Lakini mhariri alikuwa na masikio. Alisikia kwamba Fundi hakuimba tena, wala hata kupiga mluzi akifunga kamba za viatu. Alipomwomba, Fundi alicheka: “Ya kazi gani?” Na akasikia jambo jingine, dogo, lililomtia baridi. Akimwambia shati limekupendeza, Fundi alikwenda kwenye kioo. Akimwambia supu yako tamu, aliweka kijiko akaionja upya, taratibu, kama mtu anayepima maji. Hakuwa na hasira. Hakujua hata kwamba anafanya hivyo.

Pete aliitoa mchana mmoja kwenye benchi la bustani, mbele ya wauza maua, bila mbwembwe. Alikuwa amenyoa vizuri.

“Masikio wangu. Utakubali kuolewa na mimi?”

“Ndiyo,” akasema haraka. “Ndiyo, mpenzi. Nakubali.”

Fundi hakumvisha. Alibaki anamtazama, pete katikati ya vidole, na mhariri akaona macho yale yale ya kioo na kijiko.

“Nimesema ndiyo.”

“Nimesikia.”

“Mbona hunivishi?”

“Najaribu,” Fundi akasema. “Wallahi najaribu. Nakusikia unasema ndiyo, kisha nasubiri. Sijui nasubiri nini. Kama pana ndiyo yako nyingine chini yake.”

“Hakuna nyingine. Nakupenda. Hii ni ya kweli.”

“Na ile ya ‘unaimba hivyo’ ilisikika hivi hivi, Masikio. Sauti ile ile.” Akaangalia pete. “Nikikuoa nitakuwa nakuuliza ‘kweli?’ kila siku mpaka nikuchoshe. Utanichukia. Afadhali nikukose ungali unanipenda, kama unanipenda.”

“Unaona? ‘Kama’.”

“Naona,” Fundi akasema.

Walilia kidogo, kila mmoja akitazama upande wake, na muuza maua mmoja aliyedhani ni furaha akawaletea ua la bure. Mhariri akalipokea kwa adabu. Kisha wakatembea pamoja hadi kituoni, Fundi akimbebea mkoba. Basi likaja.

“Ukifika nipigie,” Fundi akasema, kwa mazoea.

Alifika. Akakaa kitandani bila kuvua viatu, akapiga.

“Nimefika.”

“Salama?”

“Salama.”

Upande wa pili pakawa kimya. Mhariri alikifahamu kimya kile cha kusubiri, alikisikiliza mpaka mwisho wake, hadi Fundi aliposema “haya” na kukata, naye hakupiga tena.