Mbeleko Iliyonuka Supu

Magome ya mkandaa hayanuki supu. Yakichemka hunuka tope la mikokoni, na aliyezoea wala hajali. Lakini adhuhuri ile Somoe wa Kanga alifunua sufuria la rangi, akapokewa na harufu ya supu ya makongoro, nzito, yenye mafuta, na mate yakamjaa mdomoni asijue kama ni njaa au kichefuchefu.

Rangi ilikuwa ya mbeleko. Binti yake Umi alikuwa chumbani na kitoto chake Jabir, mjukuu wa kwanza, akingoja arobaini amtoe nje.

Tangu zamani, kabla ya kuugusa mkandaa mkubwa wa kando ya hori la bahari, mtia rangi alifukiza ubani, akamwomba mwenyewe, pepo wa mti, akabandua utepe mmoja wa gome, basi. Safari hii Somoe alifuatana na Taufiki, bwana wa mradi wa mikoko, na kibali chenye mihuri mitatu.

"Mwenyewe ni huyu hapa, Bi Somoe," alisema Taufiki, akikipunga kibali. "Bandua mti mzima, usihangaike kurudi."

Somoe akaubandua pande zote, kutoka usawa wa kifua chake hadi mizizini. Mbele ya mihuri mitatu, ubani wa nini?

Sasa akachovya kidole akaonja. Ndivyo wafanyavyo watia rangi: ukakasi ukikausha ulimi, rangi imeiva. Ulimi haukukauka. Ilikuwa chumvi, vuguvugu, ikamteleza kooni kama makamasi. Akatema. Akajikuta analamba upawa.

Alipoyaopoa magome, yalikuwa yamevimba, laini, yana vitundu vya vinyweleo. Moja lilikuwa na kitovu.

Angemwaga vyote, lakini mbeleko, jamani, ilitoka nyekundu ambayo hajapata kuitia maishani. Akaisuuza, akaianika, akakaa anafukuza nzi hata ikakauka, akampelekea Umi aijaribu.

Alasiri Umi akaita kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. "Mama, njoo. Mtoto hanyonyi."

Jabir alikuwa ndani ya mbeleko mpya, kimya, anafyonza pindo, na urojo mwekundu ulimchuruzika kidevuni.

"Mvue hiyo!"

"Haivuliki, Mama."

Somoe akashika pindo akavuta, na kitambaa kikavutika pamoja na ngozi ya mgongo wa mtoto, kimegandana nayo, kina joto, kinatoka jasho, kinapanda na kushuka kwa pumzi ambayo haikuwa ya Jabir, na ile harufu ya supu ikajaa chumbani hata Umi akatapikia mkeka.

Akaitwa Bimkubwa, mganga. Taufiki naye akaja, na kibali chake. Bimkubwa akafukiza ubani, akauliza nani aliyeonja rangi. Somoe akainua mkono. Kabla hajaushusha, akasikia kinywa chake kinasema kwa sauti nzito yenye kamasi:

"Mlinichuna mzima."

"Tusamehe, bwana mkubwa," alisema Bimkubwa. "Unataka nini?"

"Ngozi."

Taufiki akakohoa. "Tunaweza kupokea malalamiko yake, ila yawe kwa maandishi..."

"Nyamaza, baba," alimkata Bimkubwa. "Kibali chako kimetaja mti. Mwenyewe hakikumtaja." Akamgeukia Somoe, akanong'ona: "Magome yamekwisha kuiva, hayarudishiki. Hatoki mikono mitupu, bibi. Ama mtoto, ama aliyeonja."

Somoe hakumtazama yeyote.

"Mwachie mtoto," alisema, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Chukua yangu."

Mbeleko ikaanguka sakafuni, tepetepe, kama utumbo uliotupwa. Mgongo wa Jabir ulikuwa mwekundu, lakini mzima. Akalia kwa nguvu, akatafuta ziwa, akalipata.

Bimkubwa alikuwa akishukuru Mungu Somoe alipoanza kujikuna kiwiko. Ngozi ikainuka chini ya ukucha, ikabanduka utepe mmoja mrefu, laini, hadi kiganjani, bila tone la damu. Akashika mwanzo wa utepe wa pili.

"Mama?" Umi alisema. "Mama, unafanya nini?"

"Geukia ukutani, mwanangu," alisema Somoe. "Nyonyesha."