Viazi vya Mama Persida

Kwetu kila ugonjwa una mkosaji mmoja: upepo. Si upepo wa nje, huo hauna neno. Ni ule unaopita ndani ya nyumba mlango na dirisha vikiwa wazi kwa pamoja. Tunauita promaya. Jino likiuma, promaya. Shingo ikikaza, promaya. Hata mume akinuna, wapo watakaokwambia ni promaya.

Basi mama mkwe wangu, Persida, alipoanza kuumwa kichwa mwanzoni mwa Septemba, mkosaji alijulikana. Na aliyemfungulia njia alijulikana pia. Ni mimi.

"Jagoda, ulifungua dirisha nikiwa na nywele mbichi," aliniambia. "Sasa ona."

"Mama, nyumba ilijaa moshi wa pilipili."

"Moshi haujaua mtu. Promaya ilimuua bibi yangu."

"Si ulisema bibi aliangukiwa na mti?"

"Shingo ilikuwa imekaza! Angetazamaje juu?"

Akakata viazi vibichi, akavilowesha kwa rakiya, pombe yetu kali ya matunda, akavifunga kwenye paji la uso kwa kitambaa. Alinukia kama viazi vilivyotoka harusini. Juu ya hayo akameza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni. Wiki tatu zikapita hivyo.

Leo nacheka. Siku zile sikucheka, maana niliona mambo. Mama aliacha kula mkate mkavu. Akitafuna kidogo, taya linauma, akipumzika, linatulia. Aliacha pia kuchana nywele upande wa kulia. Chanuo likigusa tu, anaruka. Na nguo zilianza kumpwaya.

Asubuhi moja tulikuwa uani tukichoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi, kilo mia na ishirini. Mume wangu, Vukasin, alikuwa ghalani akitafuta mitungi ya kuzihifadhia. Mama akanyoosha mkono achukue pilipili. Mkono ukatua kwenye bati la jiko lenye moto.

"Nani kazima taa?" akauliza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua linawaka.

"Mama! Huoni?"

"La kushoto linaona. La kulia limeshukiwa na pazia." Akalifikicha jicho. Baada ya dakika kama tano akapumua. "Haya, limepanda. Vukasin asijue. Ataacha pilipili zioze. Apa."

"Mama..."

"Apa kwa mkate!"

Niliapa. Kwetu anayevunja kiapo cha mkate huambiwa atakufa na njaa. Nikaendelea kugeuza pilipili. Kila baada ya muda namtazama lile jicho.

Mungu si mjinga. Lango likalia, akaingia Rosanda, nesi wa zahanati yetu, kuazima sufuria kubwa. Mama ndiye aliyemlea akiwa mdogo.

"Mama Persida, viazi hivyo mnavipika kichwani siku hizi?"

"Promaya tu, mwanangu. Chukua sufuria uende."

Nikashika koleo kwa nguvu. Nikasema, "Nesi, nimeapa nisimwambie Vukasin. Wewe si Vukasin." Nikamwaga yote: taya, chanuo, pazia.

"Nyoka wewe!" Mama akanirushia pilipili. Akanikosa. Nilikuwa upande wake wa kulia, wa jicho lile.

Rosanda hakucheka. Akafungua kitambaa, akagusa panja la kulia kwa kidole kimoja. Mama akapiga kelele. Mshipa pale ulikuwa umevimba kama kamba.

"Vukasin!" Rosanda akaita. "Washa gari!"

"Kesho," akasema Mama. "Tumalize pilipili kwanza. Pilipili hazingoji."

"Na jicho halingoji, Mama. Mshipa wa damu umevimba. Mishipa inayolisha macho ni ndugu zake. Nayo ikiziba, jicho linakufa, na likifa halifufuki. Likienda la kulia, la kushoto linaweza kufuata baada ya siku chache."

Mama akaweka pilipili chini, akaelekea garini bila kubisha. Ndipo nilipoogopa kweli.

Garini aliamuru madirisha yote yafungwe. Promaya. Tukaiva kama pilipili. Njiani matrekta ya mavuno yakatuziba, tukawa tunatambaa.

"Mbona Jagoda huumwa kichwa kila mwezi, hamumpakii garini?" Mama akabisha.

"Huyo ana kipandauso," Rosanda akajibu. "Kinagonga upande mmoja, anatapika, hataki mwanga. Akimeza dawa mapema na kulala gizani, kinapita."

"Nilidhani ni uvivu."

"Asante, Mama," nikasema.

"Na cha Vukasin?"

"Chake humbana pande zote kama mkanda, akichoka au asiponywa maji. Ila Vukasin, vidonge kila siku acha. Vikizidi, vyenyewe huleta kichwa."

"Na jirani yetu Stamena, wa kinu cha unga, uso ulikuwa ukimuuma hadi analia. Mbona macho yake ni mazima?"

"Maumivu yake yalikuwa kama shoti ya umeme. Sekunde chache, akigusa shavu au akipiga mswaki. Ule ni mshipa wa fahamu, na una vidonge vyake kwa daktari. Mwenye mafua mazito naye huumwa mashavuni, zaidi akiinama. Lakini wewe una miaka sabini na mmoja, na kichwa hiki ni kigeni kwako. Kichwa kipya baada ya miaka hamsini hakifungwi viazi."

Mama akanishika mkono.

"Jagoda. Limeshuka tena."

Tukahesabu dakika. Tano. Kumi. Kumi na tano. Halikupanda. Vukasin akapiga honi, akapanda ukingo wa barabara, akayapita matrekta huku wenye nayo wakitutukana hadi mababu.

Hospitalini daktari alimsikiliza Rosanda, akagusa panja, akatoa damu ya kupima. Lakini hakungoja majibu. Alimpa papo hapo dawa kali ya kushusha uvimbe. "Majibu yanaweza kuchelewa," alisema. "Dawa haiwezi."

Usiku ule maumivu ya wiki tatu yaliisha. Jicho la kushoto lilisalimika. La kulia huona nusu tu, kama dirisha lililozibwa chini. Angekwenda hospitali mara ya kwanza taya lilipouma, huenda angekuwa na yote mawili. Sasa anameza dawa kila siku, na daktari anaipunguza polepole. Ameonywa asiikatishe mwenyewe.

Nusu ya pilipili zilioza. Nguruwe walishukuru.

Siku hizi akisikia jirani analalamika kichwa, Mama humhoji kama polisi. "Kimekuja ghafla kama radi? Una homa na shingo ngumu? Mdomo umepinda, ulimi mzito? Ulianguka? Unaona sawasawa?" Jibu likiwa ndiyo hata mara moja, humfukuza aende hospitali.

Juzi tulichoma pilipili za msimu mpya. Moshi ukajaa jikoni.

"Jagoda, fungua dirisha," akasema.

Nikafungua.

"Na mlango."

Nikasita. "Mama, na promaya?"

Akavuta kitambaa hadi masikioni. "Fungua kabla sijabadili mawazo. Na hivyo viazi nipe. Leo tunavikaanga."