Nyumba ya Kumi na Moja

Haya yalimkuta dada yangu Eufrazia, hapa Temeke, mwaka themanini na nne. Nilikuwa nakaa kwake.

Ofisini kwao ililetwa kompyuta, naye akachaguliwa kujifunza C, lugha ya kuiandikia maagizo. Zoezi la kwanza lilikuwa jepesi: jaza namba kwenye visanduku kumi vilivyopangana, kisha mashine ijumlishe. Dada akatumia nyumba kumi zilizo chini ya balozi wetu wa mtaa, kila kisanduku idadi ya watu wa nyumba moja.

Jumla ikazidi kwa mmoja.

"Umepitiliza," mwalimu wake Revelian alimwambia. "C inaanza kuhesabu na sifuri. Kisanduku cha kumi ni namba tisa. Wewe umeifikisha mashine namba kumi, imesoma kisanduku cha kumi na moja ambacho hukukijaza. Takataka tu hizo."

Alitusimulia jioni, tukacheka. Jirani yetu Bi Tunu hakucheka.

"Ya kumi na moja ni ya Mwinshehe," alinong'ona.

Nilikereka. Mwinshehe alikuwa mchawi, mtaa mzima ulijua. Nyumba kumi zilipopangwa, balozi alikataa kumwandika, hata sukari ya mgao hakupata. Watu wakamvunjia kibanda, na walifanya vyema. Aliondoka akisema neno moja tu: "Mtanihesabu." Kiwanja chake hakijajengwa mpaka leo.

Kesho yake Eufrazia aliiendesha tena hesabu ile ile, bila kugusa kitu. Kisanduku cha kumi na moja kilisema wawili. Nyumba yetu, ambayo anaapa aliiandikia wanne, ilisema watatu.

Alirudi mchana, mbio, viatu mkononi.

"Yuliana yuko wapi?"

Shemeji Apolinari alikuwa anachambua mchele. "Yuliana yupi?"

"Mwanangu."

Hatukumwelewa. Nyumba ile tulikuwa watatu. Dada hajawahi kuzaa. Alinikaba, akaniita mchawi mwenzake Mwinshehe, na sijamsamehe. Kisha akaenda kuchimba kile kiwanja kwa mikono, mpaka wakamfunga kamba.

Ila nyuma ya mlango wake kuna vistari vya mkaa, vile vya kupimia kimo cha mtoto. Sijui nani alivichora. Navipaka chokaa, vinarudi. Naogopa.

Mwaka juzi cha juu kilikuwa kiunoni kwangu. Jana kilinifika begani.