Beji ya Sita

Kaka yangu Dwight alikuwa na ratiba. Aliichapa ofisini kwao Illinois, akaipiga laminesheni, akaining'iniza kwenye kioo cha gari kwa uzi. Hifadhi sita, siku tano. Korongo moja asubuhi, jingine jioni. Dakika arobaini za kuangalia majabali yaliyochukua mamilioni ya miaka kuchongeka, kisha picha, kisha choo, kisha haya twende.

Mimi sijahama Utah kusini tangu nizaliwe. Nimeendesha basi la shule miaka thelathini na moja kwenye njia hizi za vumbi jekundu, na watalii nimewaona hadi nimewachoka. Wanakuja na viatu vyeupe na maswali ya kipumbavu. Dwight alizaliwa hapa hapa, nyumba moja na mimi. Akaondoka na miaka kumi na minane, akarudi na miaka arobaini na mitatu, mtalii kamili. Hata viatu alikuwa navyo.

Jioni ile ya Oktoba yeye, mkewe na binti yao walinipitia niwaonyeshe njia ya Korongo la Mjane, kwa kuwa simu yake ilikuwa haiijui. Safari yenyewe ilikuwa ya kuchukua beji.

Kila hifadhi kwetu ina kijitabu cha watoto. Mtoto anakijaza, anampelekea mlinzi wa hifadhi, anainua mkono wa kulia na kuapa kwamba ataitunza hifadhi, anapewa beji ya plastiki. Wazazi wanapiga makofi. Binti wa Dwight, Linnea, mwenye miaka tisa, alikuwa nazo tano kwenye kizibao chake. Mtoto mwenyewe alikuwa mpole na mwenye akili, na ndiye pekee katika gari lile niliyeweza kumvumilia. Aliyeitaka ya sita ni baba yake. Alitaka picha ya beji sita akawaringishie wenzake kazini.

"Dada, zimebaki dakika ishirini," alisema akikanyaga mafuta. "Una uhakika na hii njia?"

"Njia nina uhakika nayo. Wasiwasi wangu ni dereva."

Mkewe Corinne akacheka, mdomo umejaa mkate wa siagi ya karanga. "Wifi, unamsema mwenzio mbele ya mtoto!"

"Mtoto ameshayajua yote."

Tulifika jua likizama. Ofisi ilikuwa imeshafungwa. Dwight alitikisa kitasa, akachungulia dirishani, akatikisa tena, utadhani mlango ungemwonea huruma.

"Basi baba, si lazima," Linnea alisema.

"Sita ni sita, mwanangu."

Ndipo akauona mwanga.

Ng'ambo ya mkondo mkavu kuna kibanda cha mawe. Nilikifahamu tangu utotoni. Kiliachwa zamani, kabla hata ofisi mpya haijajengwa. Dirisha lake lilikuwa linawaka taa ya njano.

Nataka niseme ukweli hapa. Niliona mambo matatu kabla hatujavuka. Hakukuwa na waya wa umeme. Hakukuwa na mlio wa jenereta. Na hakukuwa na gari lililoegeshwa, wakati kutoka pale hadi nyumba ya karibu ni dakika hamsini za mwendo wa gari. Mlinzi gani anakwenda kazini jangwani kwa miguu?

Niliyaona yote, nikanyamaza.

Nilidhani ni mzururaji fulani mwenye kofia ya mlinzi aliyoiokota. Nilitaka Dwight ampige picha na kumshukuru, halafu nimcheke kila sikukuu hadi azeeke. Hiyo ndiyo sababu yangu. Sina nyingine.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ilitupokea kabla ya mtu. Udongo uliolowa... harufu ya mafuriko. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Julai.

Nyuma ya meza aliketi mwanaume mwenye kofia pana, kivuli chake kimemfunika macho. Sare yake ilikuwa ya ukosi mrefu, wa zamani. Alikuwa ameweka mikono mezani, na kwenye pindo za mikono ya shati lake...

Tone.

Tone.

Maji yalikuwa yanadondoka sakafuni. Dwight aliyaona, akayaruka ili asichafue viatu.

"Mmechelewa," mtu yule alinong'ona.

"Samahani mkuu, ni dada yangu hapa, njia zake za kienyeji," alisema kaka yangu. "Binti anataka kuapa tu. Dakika moja."

"Kwa hiari yake?"

"Hiari kabisa! Linnea, simama vizuri. Mama, washa simu urekodi."

Linnea alimtolea kijitabu. Yule mtu hakukigusa. Aliinua mkono wake wa kushoto, polepole, na mtoto naye akainua wa kushoto. Mimi nilibaki mlangoni.

"Mimi, Linnea," yule mtu alinong'ona.

"Mimi, Linnea..."

"Naapa kulilinda korongo hili, usiku na mchana."

"Naapa kulilinda korongo hili, usiku na mchana."

"Mpaka aje mwingine kunipokea."

"Mpaka aje mwingine kunipokea."

Corinne akapiga makofi. Yule mtu alimpa mtoto beji ya mbao, nyeusi, nzito, yenye unyevu. Kisha akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu anayevua viatu vilivyombana siku nzima. Dwight akapiga picha tatu na kusema tukiharakisha tutawahi chakula cha hoteli.

Mpaka wa hifadhi ile ni vyuma vya kuzuia ng'ombe, vimelazwa barabarani. Gari likipita vinanguruma. Tulipovipita, Linnea aliyekuwa kando yangu akanyamaza katikati ya neno.

Nikageuka. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa hapumui.

"Simamisha gari! Dwight, simama!"

Tulimtoa, tukampiga mgongo, Corinne akampulizia hewa mdomoni. Midomo ilianza kuwa ya buluu. Dwight alikuwa anapaza sauti kuhusu hewa nyepesi ya milimani, kitu alichokisoma mahali. Mimi nilimnyang'anya mtoto, sijui kwa nini, nikakimbia naye kurudi nyuma, na mguu wangu ulipovuka vile vyuma...

Akavuta pumzi.

Akakohoa. Akalia. "Shangazi, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu."

Dwight akasema ni bahati mbaya tu, tujaribu tena, hospitali iko upande wa pili. Ndivyo alivyo. Tukajaribu. Akaacha kupumua palepale. Tukarudi, akapumua. Corinne akaitupa ile beji kichakani, akambeba mwanawe kwa miguu na kuvuka pembeni kabisa, mbali na barabara, akipita kwenye miiba. Mtoto akalegea mikononi mwake. Alimrudisha akikimbia, na ile beji ilikuwa kifuani kwa mtoto, mahali pake.

Giza lilikuwa limeshaingia.

"Ameapa kulinda," nilisema mwishowe. "Hawezi kutoka kwenye lindo."

"Acha ushamba, dada," alisema Dwight. Akageuza gari.

Yule mtu alikuwa ameketi nje ya kibanda, kwenye jiwe. Kofia ameivua. Sitauelezea uso wake, maana hakuwa na mwingi. Alikuwa anafungua kamba za viatu vyake, na kutoka katika kila kiatu alimwaga maji na mchanga.

"Mrudishie!" Corinne alimpigia kelele. "Mrudishie mwanangu! Fanya unachofanya!"

"Mimi nimeshapokewa," alinong'ona. "Lindo ni lake. Muulizeni yeye."

Akasimama, akaenda peku kuelekea ndani ya korongo. Hatua zake tulizisikia. Kisha hatukuzisikia...

Tulibaki watu wanne na taa ya njano.

Linnea alielewa kabla yetu sote. Aliingia ndani, akakaa kwenye kile kiti, miguu yake haifiki chini. Akasema taratibu, "Lazima mtu anipokee. Kwa hiari yake."

Corinne alipiga hatua. Dwight akamshika mkono, akamrudisha nyuma. Kisha akaniangalia mimi.

Nililijua jicho lile tangu utoto wake, alipokuwa akivunja kitu na kutaka nimsaidie kwa baba. Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Sina mume, sina mtoto, hata paka sina. Naijua nchi hii jiwe kwa jiwe. Kama kuna mtu aliyefaa kukaa katika kibanda kile, ni mimi, na wote tulijua.

Niliangalia viatu vyangu.

"Wifi..." Corinne alisema.

Niliendelea kuviangalia.

Dwight akasafisha koo. "Basi hoteli tumeikosa," alisema, akajaribu kucheka. Akaenda mbele ya meza na kuinua mkono.

"Wa kushoto, baba," Linnea alimwambia. Alikuwa analia, lakini mkono wake hakuushusha.

Alimwapisha baba yake neno kwa neno. Usiku na mchana. Mpaka aje mwingine kunipokea. Sauti ya mtoto ilikuwa nyembamba, na ya Dwight ilikuwa thabiti kuliko nilivyowahi kuisikia. Alipomaliza, ile beji ilikuwa kwenye shati lake.

Taa ikazimika.

Tulipomulika na simu, hapakuwa na meza, hapakuwa na kiti. Linnea alikuwa amesimama katikati ya kifusi. Paa la kibanda lilikuwa limeanguka miaka mingi iliyopita, na ndani kulikuwa kumeota kichaka kikubwa kuliko mimi. Tulimwita Dwight mpaka sauti zikatukauka. Mtoto alivuka vyuma vya ng'ombe salama, amelala mapajani mwangu.

Wakamtafuta siku tisa, kwa mbwa na helikopta. Polisi wa wilaya aliitazama ile video ya Corinne mara mbili. Ndani yake yumo Linnea amenyoosha mkono, anaapa mbele ya ukuta, na kuna sauti ya maji yanayodondoka. Akasema mtoto ana kipaji cha kuigiza. Kiongozi wa watafutaji alinionyesha alama za viatu vya kitalii, vipya, zimezunguka kibanda. Kila jioni zilifutwa na upepo, na kila asubuhi zilikuwa mbichi. Alisema udongo wetu una vituko. Mwisho wakaandika kwamba ni mtalii aliyepotea kwa uzembe wake. Mjini wakarudia hivyo hivyo dukani, na mimi niliyekuwa kwenye foleni nikatikisa kichwa kukubali. Mtalii mjinga. Ndiyo, kweli.

Miaka kumi imepita. Nimemdharau Dwight maisha yake yote, na hadi leo nikimkumbuka na ile ratiba yake hasira inanipanda. Hasira ndiyo inayonisaidia kulala. Nikiiacha, naanza kufikiri kuhusu Oktoba, baridi inavyoshuka kule usiku, na yeye alitoka na koti jepesi tu.

Leo jioni Linnea amenipigia simu. Ana miaka kumi na tisa sasa, anasoma chuo. Kwanza tukaongea mambo ya kawaida, goti langu, mitihani yake.

"Shangazi, nimepata kazi ya msimu. Ulinzi wa hifadhi. Nimeomba nipangiwe Korongo la Mjane, wamekubali. Nafika Jumatatu."

"Mama yako anajua?"

"Mama anadhani nakwenda kupiga kambi na wenzangu."

Nikamwambia asije. Nikamwambia baba yake alifanya vile ili yeye aishi, na kama angekuwapo angemchapa makofi. Nikamwambia mambo mengi, kwa sauti ya juu, kama ile niliyoitumia kwenye basi miaka yote.

"Baba amekaa miaka kumi, shangazi," alisema. "Na hakuna mwingine aliyekwenda."

Neno hilo hakulisema kwa ukali. Nadhani hakujua hata limempata nani.

"Nataka kukuuliza tu," aliendelea. "Yale maneno ya kiapo. Wewe ulikuwa mlangoni. Unayakumbuka?"

Nayakumbuka. Hakuna siku yamenitoka.

"Siyakumbuki," nilimwambia. "Nimezeeka, Linnea. Siyakumbuki hata kidogo."

"Usijali," alisema kwa upole. "Mimi nayakumbuka."

Akakata simu.

Leo ni Jumamosi. Ufunguo wa gari uko hapa mezani, mafuta yamejaa, na barabara ni kavu. Dakika hamsini tu mpaka kibandani. Nimevaa viatu tangu alipokata simu.

Bado nimekaa.